Mikono Kwapani

Katika chuo chetu cha osteopathi hapa Rosario, wanafunzi huja kujifunza kutibu kwa mikono. Somo langu, la mazoezi ya tiba, wanalidharau na kuliita jimnastiki. Ndiyo maana nimewawekea sharti: anayemfundisha mgonjwa zoezi abane mikono yake kwapani. Mgonjwa anarudi nyumbani na mwili wake, harudi na mikono yetu.

Lautaro alikuwa na mikono mizuri kuliko wenzake wote, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mgonjwa wake, mzee tuliyemwita kwa heshima don Evaristo, kuli mstaafu wa bandarini, alikuwa ameanguka jikoni akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia. Binti yake, Mirta, alishakata shauri: kama baba hawezi kuinuka mwenyewe, anapelekwa nyumba ya wazee. Siku Lautaro alipotahiniwa kumfundisha mzee kuinuka, Mirta alikuja kujionea.

Mzee alijilaza mkekani. Akageuka ubavu, akapiga magoti, akashika kiti, akainuka. Darasa likapiga makofi. Mirta akafuta machozi.

Lakini mimi nilikuwa nimeviona vidole vya Lautaro chini ya kiwiko cha mzee.

"Rudi chini, don Evaristo," nikasema.

"Mwalimu, si ameinuka?" Mirta akauliza.

"Ameinuliwa."

Mzee alinitazama kwa chuki, na sikumlaumu.

"Una roho mbaya, mama," akasema. "Ungefaa kuwa nyapara wetu kule bandarini."

Hata hivyo alishuka, taratibu.

Lautaro alibana mikono kwapani. "Geuka ubavu, mzee wangu. Vuta pumzi. Sasa mguu wa kulia mbele. Usiharakishe."

Mguu ukateleza. Mzee akajizuia kwa kiganja, akaguna. Mirta akaruka kutoka kitini.

"Mwache," Lautaro akasema bila kumtazama. "Mzee, kiti hakijaenda popote. Isukume sakafu."

"Miguu haitaki."

"Ibembeleze."

Nilitamani kumdaka mimi mwenyewe. Nikagundua nami nimebana mikono kwapani, tena kwa nguvu. Mzee akashika kiti, akatetemeka mwili mzima, akasimama. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Twende, baba," Mirta akasema kwa sauti ndogo. "Nakurudisha kwako."

Mzee hakumfuata. Alisimama akihema, kisha akamgeukia Lautaro, ambaye bado alikuwa amejikunyata, mikono kwapani.

"Sasa nipe mkono, kijana."