Usimwulize Mama

Kwa wiki nzima watu walikuwa wakimpa Dorothea pole, naye hakujua anapewa pole ya nini hasa.

Ilianza Jumapili baada ya ibada, pale kanisani kwao Miyuji. Akina mama wa umoja, ambao yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, walimshika mkono mmoja baada ya mwingine wakamwambia ajipe moyo, watoto wa siku hizi ni mtihani. Kesho yake muuguzi mwenzake wodini akamwambia yaleyale, tena kwa sauti ya msibani. Dorothea akaingiwa na hofu kwamba binti yake amepata ajali na watu wanamficha. Akampigia simu. Witness alipokea akiwa mzima, anahema, akasema yuko kwenye mazoezi ya kuimba huko Dar es Salaam na wataongea akitulia. Ndipo Dorothea alipoelewa kuwa pole ile ilikuwa ya wimbo mpya wa binti yake.

Witness alikuwa binti yake wa pekee. Baba yake, Sila, alifariki mtoto akiwa bado anajifunza kuhesabu. Witness alipofika miaka kumi, mwalimu wa kwaya ya watoto aitwaye Gerson alimpa wimbo wa kumshukuru mama anayeamka alfajiri kumkorogea mwanawe uji. Wimbo ule ulishika kuliko walivyotarajia. Ulipigwa kwenye mahafali, kwenye kipaimara, na redioni kila asubuhi. Kampuni moja ya unga wa lishe ikaweka picha ya Witness kwenye mifuko yake, amesuka mabutu mawili, amevaa gauni jeupe, kikombe mkononi. Akaitwa Mtoto Witness, na jina hilo likamganda hata alipoanza kuwapita walimu wake kwa urefu. Alipoenda chuo watu walimwomba kupiga picha naye wakimshika kichwani.

Dorothea naye alipata jina lake: Mama wa Uji. Wagonjwa walilijua. Siku aliyochaguliwa kuwa mwenyekiti, aliyempendekeza alisema tu kwamba hapa tunaye mama anayeimbwa na nchi nzima, na wote wakapiga makofi.

Sasa Witness alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa ameliondoa neno Mtoto kwenye jina lake na kutoa wimbo unaoitwa "Zabibu Zimeiva". Jina la wimbo Dorothea alilijua. Yaliyosemwa ndani yake hakuyajua, maana simu yake ilikuwa ya kitochi, na redio aliyozoea kuisikiliza ilikuwa imegoma kuupiga.

Akauliza. Kumbe kila mtu alikuwa ameusikia, na hakuna aliyekuwa tayari kuusema. Emiliana, katibu wa umoja, alisema mdomo wake unapokea meza ya Bwana, hauwezi kutamka mambo yale. Muuguzi mwenzake aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Dorothea akaenda mpaka kwa Mwalimu Gerson, akamkuta amekifungua kinanda, anapangusa vumbi ndani yake. Gerson alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za kazi, akamuuliza habari za mvua kijijini kwao Buigiri. Alipobanwa sana akasema neno moja tu.

"Amekutaja, Mama Witness."

"Amenitaja vipi?"

Gerson akarudisha macho kwenye kinanda. Akasema ni heri ausikie mwenyewe.

Dorothea alirudi nyumbani akijiuliza kwa nini hana hasira. Alijua anapaswa kuwa nayo. Badala yake alikuwa na kitu kingine kilichomwasha kama upele: alitaka kujua. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuweza kukiacha kidonda kikiwa kimefungwa na bandeji ya mtu mwingine. Ilikuwa lazima afungue aone.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwantum, fundi cherehani, mtu wa Kondoa. Binti wa Mwantum, Asma, alikuwa na kibanda cha simu na vocha karibu na kituo. Dorothea akamfuata Asma kibandani, akamwomba ampigie wimbo ule, kwa sauti ya chini. Asma akaangalia kushoto na kulia, kisha akabonyeza.

Kilichoanza kilikuwa ngoma, na Dorothea akashtuka kwa sababu aliitambua. Ilikuwa muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani wakaipiga kwa mikono. Kisha ikaja sauti ya mwanawe, nzito kidogo kuliko alivyoizoea, haina haraka: *Zabibu zimeiva, mwenye shamba ni mimi.* Hapohapo mzee mmoja wa kanisa akasimama dirishani kununua vocha, na Asma akazima kama mtu aliyefumaniwa.

Jioni Mwantum alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Akasema Witness anakuja kuimba Dodoma Jumamosi, mchana kweupe, uwanjani, kiingilio kila mtu anakiweza. "Mimi sikusimulii," alisema. "Twende ukausikie kwa masikio yako. Nami nitakuwepo hapo ukianguka."

Walienda. Upepo wa Dodoma ulikuwa unazoa vumbi na kulirusha juu ya vichwa vya watu. Dorothea alijitanda kanga, akasimama pembeni nyuma ya kundi la wasichana wa chuo, mahali ambapo jukwaa linaonekana lakini yeye haonekani. Waliimba wengine kwanza, hakuwasikia. Kisha watu wakapiga yowe na Witness akatoka.

Alikuwa amenyoa. Zile nywele ambazo Dorothea alizisuka kwa miaka hazikuwepo, na kichwa chake kilikuwa na umbo zuri ambalo mama yake hakuwa amelikumbuka tangu alipokuwa mchanga. Amevaa suruali nyekundu ya kubana na kiblauzi kilichoishia juu ya kitovu. Akaletewa ngoma, akaibana mapajani, akaanza kuipiga taratibu, kiuno kikifuata mkono. Uwanja ukalipuka.

Dorothea aliwaza kwamba shangazi zake kule Buigiri walikuwa wakiibana ngoma vilevile wakati wa mavuno, na hakuna aliyefunika macho. Lakini hakutaka kujidanganya. Shangazi zake hawakuwatazama watu namna ile. Hii ilikuwa nyingine, na Witness alijua kuwa ni nyingine.

*Zabibu zimeiva, mwenye shamba ni mimi,*
*Usimwulize mama, niulize mimi.*
*Umekuja na kikapu, mbona wachuma mojamoja?*
*Lala hapa kivulini, jua bado halijatua.*

Wasichana waliokuwa mbele yake walijua kila neno. Walipofika pale pa mama waliimba kwa nguvu zaidi, wakishikana mabega. Dorothea alisikia joto likimpanda shingoni, akainamisha uso. Kisha akauinua tena, kwa sababu alitaka kusikia mstari unaofuata. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hakutukanwa. Alichosikia ni msichana anayemwita mwanamume, anayesema ninataka, bila kungoja kuulizwa, na kitu hicho hakikuwa kigeni kwake. Ndicho kilichomtisha. Mwantum alimtazama kwa pembe ya jicho, akaona hajaanguka, akaendelea kupiga makofi.

Kesho yake, saa za kupika chakula cha mchana, Witness alikuja nyumbani. Alibisha hodi kama mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenyoa."

"Nimenyoa."

Alikaa kwenye kochi bila kuegemea. Akaanza kuzungumza haraka, maneno ambayo yalionekana yamefanyiwa mazoezi. Alieleza kwamba mchungaji amempigia simu, kwamba kampuni ya unga inaiondoa picha yake kwenye mifuko, kwamba anajua mama anasemwa mtaani na anaomba radhi kwa usumbufu ila wimbo hataufuta. Dorothea alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba jana alikuwepo uwanjani.

Witness akamgeukia.

"Uliusikia wote?"

"Wote. Ila ubeti wa pili sikuuelewa vizuri, watu walikuwa wanapiga kelele."

Witness alimtazama ajue kama anataniwa. "Ubeti wa pili ndio mbaya," akasema.

"Nilihisi hivyo."

Hapo Witness akaegemea. Dorothea akamuuliza kile alichokuwa amekibeba wiki nzima, kwa nini amemtaja. Witness alisema hakuna mahali alipokwenda ambapo hakuulizwa habari za mama. Mtangazaji akimhoji atauliza, mama anasemaje? Kijana akimpenda atauliza kama mama hatakasirika. Alipotaka kubadilisha mtindo wa nywele, watu wa unga walimuuliza kama mama ameruhusu. Akaona aandike mstari mmoja wa kuwajibu wote.

"Na ule wimbo wa uji haukuwa wangu," aliongeza, sauti yake imeshuka. "Mwalimu Gerson aliutunga akimkumbuka mama yake mwenyewe. Mimi niliuimba tu. Wewe asubuhi ulikuwa bado uko zamu, mama. Uji alikuwa ananikorogea Mama Asma."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja rangi ya nyumba. Dorothea alilijua hilo miaka yote. Kila wimbo ule ulipopigwa na watu wakamgeukia kwa tabasamu, alikaa kama aliyeazima nguo ya harusi, akiomba mwenye nguo asije akaingia.

"Najua," akasema. "Ulinichosha hata mimi, wimbo ule."

Witness akacheka, kicheko kifupi cha kushangaa. Akamuuliza kama jana alikasirika.

"Niliona haya. Na nilitaka kusikia mstari unaofuata. Vyote viwili kwa pamoja." Dorothea akafikiri kidogo. "Ila yale macho uliyokuwa unawatazama nayo wanaume wa mbele sikuyapenda, na sitayapenda."

"Jua lilikuwa linanipiga usoni, mama. Sikumwona mtu hata mmoja."

Mambo hayakwisha kwa uzuri wote. Kwenye kikao cha umoja, Emiliana alitaka Dorothea asimame aukane wimbo mbele ya wote. Dorothea alisimama, akasema ameusikia mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, una maneno asiyoyapenda na mengine ni ya kweli, na kwamba kiti chao anawaachia kwa amani. Akakaa nyuma. Emiliana ndiye aliyechukua nafasi, na kwa kweli aliiweza. Baadhi ya wanawake waliacha kumsalimia. Wawili wengine walimvizia nyuma ya ukumbi, wakamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli alienda uwanjani, na je, kulikuwaje huko.

Witness naye alipoteza mialiko yote ya mahafali ya shule na akapata kumbi alizokuwa hajawahi kuzikanyaga. Wimbo uliofuata haukushika sana. Watu walisema una ngoma nzuri lakini hauna pilipili. Alisikitika, kisha akaanza kuandika mwingine. Lakini alianza kuja nyumbani mara kwa mara, jambo ambalo zamani hakulifanya, na alipokuja alikuwa na maswali. Alimuuliza mama yake alikuwa akiimba nini alipokuwa msichana. Alimuuliza kama alishawahi kutoroka nyumbani. Dorothea aliona kwamba naye anachunguzwa, akashangaa kuona kuwa anapenda.

Siku moja walikuwa jikoni, mlenda uko motoni unachemka, Witness anapepeta unga. Akauliza bila kuinua uso jinsi baba yake alivyomfuata mama yake, kwa sababu ndugu wa upande wa baba husimulia kwamba Sila alihangaika sana mpaka akampata.

Dorothea akakoroga kwanza. Akaeleza kwamba wakati ule alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, wakatumwa Haneti kuchanja watoto. Sila alikuwa kijana wa pale, mwenye baiskeli, akapewa kazi ya kubeba boksi la chanjo na kuwaonyesha wauguzi njia. Alikuwa mkimya mno. Siku ya kwanza hakusema lolote isipokuwa kuwaonya kuhusu mashimo.

"Kwa hiyo akakufuata siku ya pili," alisema Witness.

"Hakunifuata." Dorothea alifunika chungu na kupunguza moto. "Kulikuwa na njia mbili za kurudi kituoni. Wenzangu walipanda gari likapita ile fupi. Mimi nikasema nitakwenda kwa miguu na mwenye baiskeli, tupite ile ndefu. Yeye akasema ile ndefu haina kitu chochote cha kuona. Nikamwambia mimi sitafuti cha kuona."

Witness aliweka ungo chini.

"Mama."

"Umeuliza," alisema Dorothea, naye akajivutia kigoda akakaa, kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa ndefu na hakuwahi kumsimulia mtu.