Kamera ya Wageni

Hasira za yule daktari kijana hazikuanza siku ile. Siku ile zilichemka tu, zikasukuma kifuniko. Zilikuwa jikoni tangu kamera ya koo ilipoletwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, wageni wenye tai wakapigwa picha wameishika, watu wakapiga makofi, kisha ikafungiwa kabatini ofisini kwa mkuu wa wodi.

Kamera yenyewe si kitu cha kutisha. Ni ulimi wa plastiki uliopinda, wenye taa na jicho dogo kwenye ncha, na juu ya mpini kuna kioo kama cha simu. Mgonjwa akishindwa kupumua, daktari humpitishia mrija kooni mpaka kwenye njia ya hewa, mashine ipate kumpumulia. Bila kamera unafungua kinywa kwa chuma chenye taa, unainama, unachungulia, unamwomba Mungu. Ukiwa na kamera, njia unaiona kiooni, wewe na kila aliyesimama karibu.

Pengine hilo ndilo lililomkera mkuu wa wodi. Wote walimwita Bingwa, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Sheria yake ilikuwa moja: "Mara ya kwanza jicho, mara ya pili jicho. Kamera ni ya walioshindwa." Ufunguo wa kabati ulikaa kwenye mfuko wa koti lake. Daktari kijana alipothubutu kuuliza kikaoni kwa nini chombo cha kuokoa watu kinatunzwa kama sahani za wageni, alipewa jina papo hapo. Dokta Sinema.

"Dokta Sinema, leo unatuonyesha picha gani?" Bingwa alikuwa akimtania mbele ya wauguzi. "Sisi tumepitisha mirija kabla wewe hujaota meno, binti yangu. Tena umeme umekatika!"

Watu walicheka. Naye alicheka, maana mdogo akitaniwa na mkubwa hucheka, apende asipende. Kicheko kile alikuwa akikimeza kama dawa chungu na kwenda nacho nyumbani.

Asubuhi hiyo aliletwa mzazi mwenye kichanga. Homa ya mapafu ilikuwa imemkamata mwanamke huyo vibaya. Alikaa kitako kitandani kwa sababu kulala hakuwezi, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga, midomo imeingia rangi ya zambarau. Gauni la hospitali lilikuwa limelowa kifuani, duara huku na duara huku. Maziwa. Mwili ulikuwa unakosa hewa, na bado ulikuwa unamkumbuka mtoto. Daktari kijana, ambaye mtoto wake alikuwa amemwachisha ziwa juzijuzi tu, aliziona zile duara na kuzitambua.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mama mzazi wa mgonjwa alimpakata mjukuu na kumbembeleza. Kilio cha mtoto kilipenya mlangoni.

"Shingo yake fupi, na taya limerudi nyuma," daktari kijana alisema. "Bingwa, huyu atatusumbua. Naomba tuanze na kamera."

"Tuanze na dawa," Bingwa alijibu, akivuta glavu. "Sinema baadaye."

Muuguzi wa zamu, kaka mmoja mpole asiyependa ugomvi, alitazama sakafu.

Dawa ya usingizi iliingia, kisha ile ya kulegeza misuli. Hapo hakuna kurudi nyuma. Mgonjwa akishapewa hiyo hapumui tena mwenyewe. Pumzi yake imo mikononi mwenu.

Bingwa akatia chuma kinywani, akainama. Alikaza macho. Shingo ikamtoka mishipa. "Ipo hapa," alisema, akasukuma mrija. Muuguzi alipobana mfuko wa hewa, kifua hakikuinuka. Tumbo ndilo lililovimba.

"Umeingia njia ya chakula," daktari kijana alisema.

"Nimeona. Sina upofu."

Mrija ukatolewa. Muuguzi akambana mgonjwa barakoa usoni na kumsukumia hewa, lakini ilivuja pembeni, na namba ya oksijeni kwenye mashine, badala ya kupanda, ilianza kuteremka. Mlio wake nao ulikuwa ukizama, kila mdundo chini ya uliotangulia.

"Bingwa, ufunguo."

"Subiri."

Akaingia mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Kitu kikalia ka! Jino la mbele. Damu ikajaa, na sasa hata hicho kidogo alichokuwa akikiona kikafunikwa.

"Ufunguo, mzee!"

"Nimesema subiri! Nimeshaiona!"

Hakuwa ameona kitu. Jasho lilimdondoka puani, na aliendelea kuchungulia ndani ya damu kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Daktari kijana alimtazama mgonjwa. Midomo ilikuwa ya kijivu sasa. Yale maziwa yaliendelea kutoka.

Akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa koti la mkubwa wake.

Jambo hilo halifanywi. Mfuko wa mtu mzima, tena mkuu wako, hautiwi mkono hata kama umeona nyoka ndani. Bingwa aligeuka, mdomo wazi. "Wewe! Una wazimu?"

"Mfyonze damu! Msukumie hewa!" alimpigia kelele muuguzi, na tayari alikuwa mlangoni na ufunguo. Akavuka ukumbi, akaingia ofisini, akafungua kabati, akanyakua mkoba wa kamera, akarudi mbio. Mama mtu aliinuka kwenye benchi na mtoto begani, akauliza kitu. Hakumjibu.

Aliiwasha. Kioo kikaonyesha ukungu mtupu.

"Si nilikwambieni?" Bingwa alisema. "Takataka! Hata wageni walipokuja ilionyesha ukungu vilevile."

Daktari kijana aliinua kioo kwenye mwanga. Kilikuwa bado kimevaa nailoni ya dukani. Nayo ilikuwa imejaa vumbi na alama za vidole vya wale walioishika wakipigwa picha.

"Bingwa aliagiza tusiibandue," muuguzi alinong'ona. "Kioo kisichubuke."

Daktari kijana aliibandua kwa meno, akaitema. Picha ikafunguka safi kama dirisha. Akateremsha ule ulimi taratibu, muuguzi akifyonza damu kwa mashine, na hapo, mbele ya macho yao wote, zikatokea nyuzi mbili nyeupe za sauti na upenyo mweusi katikati yake. Mrija ukapita hapo bila kubishana. Muuguzi akabana mfuko. Kifua kikainuka, kulia na kushoto sawasawa.

Namba ilikawia, kama inayowachunguza kwanza. Kisha ikaanza kupanda.

Hakuna aliyeshangilia. Bingwa alivua glavu, akajifuta uso, akatoka kwenda ukumbini. Daktari kijana alihakikisha mashine imeshika, akamfuata. Alimkuta na tabasamu lake la kazini.

"Mama, tumepambana, anaendelea. Ameumia jino kidogo. Ni kawaida."

"Si kawaida," daktari kijana alisema.

Tabasamu liliganda. "Daktari, rudi kwa mgonjwa."

"Si kawaida, mama. Jino limevunjika kwa sababu tulipapasa mara mbili gizani, na taa tulikuwa nayo. Kamera ya kuonyesha koo ipo, ilifungiwa kabatini. Mwanao alikuwa anakwenda huku sisi tunalinda kioo kisichubuke."

Alidhani yule mama angemgeukia Bingwa. Hakumgeukia. Alimhamisha mjukuu bega, akamtazama yeye.

"Na wewe, mwanangu, ulikuwa wapi?"

Swali lile lilimpiga mahali ambapo hasira haikuwa na ngao. "Nilikuwa palepale, mama. Niliomba. Niliomba kwa adabu."

"Adabu," mama alisema, kama anayelionja neno na kulikuta limechacha. Kisha akauliza taratibu, "Atamnyonyesha tena huyu?"

"Mapafu yakikubali, atamnyonyesha. Siwezi kukuahidi uongo, lakini mimi nina matumaini. Na maziwa yake tutayakamua yasimkaukie. Nitakuja kukueleza mwenyewe."

"Ofisini kwangu," Bingwa alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Na ufunguo wangu."

"Nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

"Kumsafisha mdomo. Ana damu." Akafungua mlango wa wodi. "Na ufunguo sikupi, Bingwa. Kaniandikie barua ya onyo, kaniite majina yote unayoyajua. Kamera inalala humu."

Muuguzi alikuwa ameshaleta pamba na maji ya uvuguvugu, na gauni kavu. Wakaanza kazi.