Hewa ya Samaki

Stima ilipotea baada ya chakula cha mchana, na baridi ya Julai ilikuwa imeukaba mtaa wa Section 58 sawasawa. Makokha hakuwaza lingine ila samaki wake wa rangi za upinde wa mvua, wale ambao majirani walisema anawalea kama mapacha. Hita yao ilikuwa imezima. Akawasha jiko la makaa, akaliweka sebuleni kando ya tangi la kioo, akafunga madirisha yote na kuziba mwanya wa chini ya mlango kwa blanketi.

"Baba Quincy, hilo jiko linaniumiza kichwa," mkewe Nangila alilalamika, akajilaza kwenye kochi.

"Si uvumilie kidogo! Hawa wakipigwa na baridi watakufa."

Maji yakapata joto, lakini samaki wakaanza kupanda juu, midomo wazi. Rangi zao za buluu na nyekundu zikafifia. Makokha akasonya. Akabadilisha maji kiasi, wapi. Mwishowe akatumbukiza mrija wa pampu ya betri ili wapate hewa. Mapovu yakafoka, na samaki wakazidi kulegea. Mmoja akageuka tumbo juu.

"Mama Quincy, njoo uone! Nawapa hewa na bado wanakufa!"

Nangila hakujibu.

Macho ya Makokha yakaufuata mrija kutoka majini hadi kwenye pampu. Ilikuwa pale mezani, karibu na jiko, ikivuta hewa ya chumba hicho hicho.

Akainuka akafungue dirisha. Magoti yakakataa.