Benchi la Kabla

Kila asubuhi Sidi alikaa nyuma ya duka la Mzamil, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, akijaza unga kwenye kapsuli. Alichanganya mlonge na tangawizi, akaongeza vijiko vinne vya unga mweupe uliotoka kwenye maghala ya Shimanzi katika mkebe usio na jina, kisha akabandika karatasi kwenye chupa: Mitishamba Asilia. Hupunguza Uzito. Haina Kemikali. Mwandiko ulikuwa wake. Siku moja aliuliza ule mweupe ni nini, na Mzamil, mtu mpole asiyempandishia sauti hata paka, akamjibu, "Huo ndio unaoyatia majani nguvu." Sidi hakuuliza tena. Alikuwa mchovu.

Uzito walioupunguza wateja ulikuwa ukija dukani mwendo wa saa nne. Uzito wa Mombasa una adabu zake: ulipiga hodi mara tatu, ukangoja ukaribishwe, ndipo ukaketi kwenye benchi la ukutani. Ulikuwa na umbo la mwenyewe, ila hauna uso. Wanunuzi waliusukuma kidogo wapate nafasi. Mzamil aliupiga picha, akazitia kwenye tangazo chini ya neno KABLA, na watu wakaagiza hata kutoka Voi. Mkaguzi wa afya alipokuja aliwahesabu waliokaa, akasema wamezidi, akataka benchi la pili. Mkebe ulikuwa karibu na goti lake. Benchi lilinunuliwa.

Jumatatu moja uliingia uzito wenye kovu la pasi mkononi, na Sidi akaujua. Ulikuwa wa Naomi, mdogo wake, aliyekuwa aolewe mwisho wa mwezi kwa gauni la kuazima lisilofunga zipu. Chupa ile Sidi alimpelekea mwenyewe, zawadi ya dada kwa bi harusi. "Kunywa tu, ni majani," alimwambia. "Majani yamdhuru nani?" Alikuwa ameibandika ile karatasi mara nyingi hata akaiamini.

Wiki iliyofuata ukaja usingizi wa Naomi, ukalala chini ya benchi ukikoroma. Alhamisi yakaja mapigo ya moyo wake, machache, yakapanda kaunta na kugonga mbao, mawili mawili, kisha kimya kirefu. Sidi aliogopa. Aliyatia kikapuni, akayafunika kwa leso, akaenda nayo kwa miguu mpaka Mbaraki.

Alimkuta Naomi mbele ya kioo, amevaa gauni.

"Dada, tazama! Imefunga!"

"Nimekuletea mapigo yako. Yalikuja dukani."

"Yaweke hapo mezani, nitayachukua baada ya harusi. Nikiyarudisha sasa zipu itakataa."

"Hizo dawa ziache, Naomi."

"Kwani si ulisema ni majani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kuutaja mkebe. Lakini angeanzaje kusema kwamba mkono uliompa chupa ndio uliochanganya? Na Naomi alikuwa akicheka. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sidi alilinyoosha gauni mgongoni, akasema limemkaa. Mapigo yaliendelea kugonga meza, mpaka Naomi akayawekea kitambaa.

Jumamosi aliolewa, mwembamba kama alivyotaka, na wageni wote wakamsifu. Jumapili jioni moyo wake ulisimama akiwa anafungua zawadi. Walimzika kwao Kaloleni, na siku ya tatu Sidi akarudi kazini, maana hakujua pengine pa kwenda.

Saa nne hodi ikapigwa mara tatu. Alikuwa Naomi mwenyewe, na gauni lake, na uso wake.

"Karibu," alisema Sidi.

Naomi alipita akaketi kando ya uzito wake, akauegemea. Ulikuwa bado una joto.

"Pole sana, dada Sidi," alisema Mzamil, na alisikitika kweli. Kisha akatoa simu, kwa kuwa hakuwahi kuwa na KABLA na BAADA kwenye benchi moja. Akawaomba wasogeleane.

Sidi alimtazama ndugu yake mpaka macho yakamuuma. Chupa za Voi zilikuwa zinangoja. Akaufungua mkebe, akatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Dada," aliuliza Naomi kutoka kwenye benchi, "huo mweupe ni nini?"

"Huo ndio unaoyatia majani nguvu," Sidi alimjibu, akatia cha nne.