Kile Kigumu

…na sasa ananitazama, Begimai wangu wa miaka saba, kiganja amekibandika kwenye goti la bibi kizee wa sanamu, anauliza mara ya tatu, "Mama, huyu ametengenezwa kwa kitu gani? Wewe sema kwanza," na mdogo wake Sirga ameshampanda sanamu mgongoni, ananing'inia shingoni, kelele tupu, na mama mkwe wangu kwenye benchi, hatua tatu tu, anatafuna kuruti, maziwa makavu ya chumvi, masikio yamesimama, huyu hasikii simu ikilia chini ya mto wake ila neno lisilotakiwa hulisikia kabla halijatoka mdomoni… kitu gani, kitu gani, hata mbuzi anajua, ila mimi ni mke wa ukoo huu, na baba mkwe aliitwa Tashtemir, kwa lugha yetu Jiwe na Chuma, mawili kwa mpigo, na mke hatamki jina la mkwe wala neno lililomo ndani yake, kwa hiyo miaka tisa nasema kile kigumu, kile kibaridi, wekeni kile kigumu mlango usijifunge… sasa nani alinituma niwalete bustani ya sanamu, chini ya mialoni hii ya Bishkek, kila ukigeuka ni kigumu na kibaridi, nimejileta mwenyewe, makusudi, kwa sababu ya Jumatatu ijayo, juzi mwalimu alimwonyesha Begimai picha, hiki nini, na mtoto analijua neno, analijua vizuri, ila anadhani ni tusi, akasema "kile kigumu," darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu, kwa upole ule unaochoma, "Mama Begimai, huyu mzito kidogo wa kuelewa, Jumatatu tumpime tena, akishindwa arudi nyumbani mwaka mmoja," mzito! mtoto anayehesabu kondoo wakiwa mbioni, mzito ni ulimi wangu, nami nikasema nini, nikasema asante… "Begimai, mwache mama yako, njoo ule kuruti," "Sili, Bibi, nataka aseme," "Mtoto una mdomo wewe! Nani atakuoa na mdomo huo?" "Sitaki kuolewa, nataka kufaulu," haya, jibu hilo, Mama mkwe, lijibu, moyoni nacheka, usoni sithubutu… na mzee mwenyewe, Mungu amrehemu, hakudai haya, alikuwa akinisikia nikilizunguka neno anacheka mpaka anakohoa, "Binti, liite tu, halitavunjika," akafa sijaliita, miaka mitatu sasa, nilisimama makaburini mbele ya jina lake nikasema kile kigumu kimependeza, nikilia, nilimpenda yule mzee, nikashindwa kumwita hata mara moja… heshima si utumwa, tunaambiwa, basi hii ni ipi… na Mama mkwe naye, miaka arobaini na miwili ya ndoa, siku mzee anakata roho alimwita "wewe," "wewe, usiende," mume wake, nilikuwa mlangoni nimeshika sufuria nikasikia, anamwita mtu bila jina la kumshika nalo, hapana, hapana, hili halifiki kwa Begimai, linakomea kwangu, nisemwe mtaani kote, mume wangu, mwanawe, apigiwe simu huko Urusi aambiwe mkeo hana adabu, aambiwe tu… kiganja bado kiko gotini, Sirga bado ananing'inia, benchi bado linatafuna, sitanong'ona, nitalisema lifike kwenye benchi, si kumkomoa Mama, ni ili naye alisikie limetamkwa na mwanamke na sote bado tumesimama, jiwe, mwanangu, ni jiwe, na babu yako alikuwa Tashtemir.