Kiti cha Mke Mwenzangu

Gari lile nililiita mke mwenzangu, na sikuwa natania sana. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, jekundu lililopauka juu ya paa, la zamani kiasi kwamba vipuri vyake vilitafutwa kama dawa. Mume wangu alilifuta kwa fulana zake mwenyewe, tena zisizo na tundu hata moja. Hakuna mwingine aliyewahi kukalia kiti cha dereva. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, aliruhusiwa kufungua boneti tu. Mimi, mwenye leseni tangu kabla ya ndoa, niliruhusiwa kukaa pembeni tu, tena kwa onyo la kutobamiza mlango.

Lilikuwa na turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu zaidi. Alinieleza mezani siku moja, kwa sababu nilifanya kosa la kuuliza. "Turbo ya zamani haina papara," alisema. "Unakanyaga mafuta. Unasubiri. Unasubiri. Halafu... sasa!" Hiyo "sasa" aliisindikiza na kofi la meza, chai ikamwagika kwenye kitambaa nilichokuwa nimetoka kukishona.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukalegea, mkono na mguu, na maneno yakamkwama kooni. Alielewa kila tulichosema, ila yeye mwenyewe alibakiwa na "eee" moja tu, na hiyo ilikuwa ndiyo, ilikuwa hapana, ilikuwa maji, ilikuwa niacheni. Mwanzoni alifanya mazoezi kwa bidii. Baadaye akageukia ukuta. Dada anayekuja kumnyoosha viungo alinivuta mlangoni akaninong'oneza, "Mama, mguu unaweza kutembea. Yeye ndiye hataki. Mtafutie kitu cha kumtoa kitandani, la sivyo huo mguu utakufa kwa kukaa bure."

Kitu gani kingine kingemtoa mume wangu kitandani? Nikaingia gereji, nikaliangalia lile gari uso kwa uso, nikaliambia, "Haya, mke mwenzangu, leo nina shida na wewe."

Kabla ya kuugua alikuwa na mpango wa kuliongezea nguvu. Miezi kwa miezi walibishana yeye na shemeji, na hakuwa ameamua. Nikasema nitaumalizia mimi. Ataliona gari lilivyotengenezwa, moyo utamruka kwa furaha, atainuka. Kichwani ilikaa vizuri sana. Tatizo ni kwamba mimi nashona mapazia.

Nikawaita washauri wangu wawili. Wa kwanza alikuwa shemeji mwenyewe. Wa pili alikuwa fundi wa siku zote wa gari lile, mtu mfupi ambaye mtaa mzima humwita Nukta, na hata yeye huitika. Mume wangu tulimkokota hadi gereji, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa dereva ulioachwa wazi, alione gari lake vizuri.

"Turbo kubwa," alisema shemeji. "Mengine yote ni mapambo."

"Ukiweka kubwa utasubiri nguvu mpaka usinzie," alisema Nukta. "Halafu ikija inakuja yote kwa pamoja, na klachi inaaga dunia. Anza na kipoza hewa. Hewa ya baridi, injini inapumua."

"Kipoza hewa bila turbo kubwa cha nini?"

"Na turbo kubwa bila breki, je? Utasimama kwa maombi?"

"Ngojeni," nikasema. "Tunataka likimbie au lisimame?"

Wote wawili wakanitazama kwa huruma. Zikafuata habari za ekzosi pana, za kompyuta ya injini kupangwa upya, za mipira ya hewa iliyochakaa, za presha ambayo ukiipandisha kidogo ni raha na ukiizidisha pistoni zinatoboka. Nilichanganyikiwa mpaka nikaanza kuitikia kama mtu aliyelala msibani. Nikamgeukia mume wangu. "Unataka ipi, baba watoto?"

"Eee," akasema, mkono wake wa kushoto ukiwa umelala kwenye kiti cha dereva.

Tangu siku hiyo nilikuwa namkalisha pale kila mchana, nami narudi kwenye cherehani yangu chumba cha mbele. Na hapo ndipo lilipozuka jambo lililonitoa akili kabisa. Nilikwenda kulipangusa gari nikakuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele mpaka kimekaribia kubusu usukani. Mume wangu ni mrefu, kiti chake siku zote kilikuwa nyuma kabisa. Nikakirudisha mahali pake, maana goti lake likipona litahitaji nafasi. Siku iliyofuata kikawa mbele tena. Nikakirudisha. Kikaenda mbele.

Mtu mfupi niliyemjua alikuwa mmoja. Nikamsubiri Nukta getini, mikono kiunoni.

"Kumbe unachukua gari la mgonjwa unakwenda kujitembeza?"

"Mimi?"

"Kiti kinakuwa mbele! Nani mwingine kwenye nyumba hii ana miguu ya hivyo?"

Nukta aliangalia miguu yake kana kwamba nayo imehusika. "Mama, nakuapia, sijaliwasha hata mara moja. Na ufunguo si unao wewe? Huo hapo, umening'inia na mkasi wako."

Kweli ulikuwa umening'inia shingoni mwangu. Nilipaswa kuaibika, lakini nilizidi kuchanganyikiwa tu, na mtu aliyechanganyikiwa haombi radhi. Nilimwambia asinijibu.

Jioni nikimnawisha mume wangu nikaona grisi nyeusi kwenye kucha za mkono wake wa kushoto. "Na wewe unashikashika nini kule?" nikamgombeza huku nikisugua. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi. "Eee," akasema, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto mgumu wa kuelewa. Nikasugua tu.

Shemeji akaja na turbo kubwa aliyoazima kwa rafiki yake, nzito kama sufuria ya shughuli, akamwekea kaka yake mapajani. Mume wangu aliitazama, akaisukuma. Ikaanguka juu ya kidole cha shemeji, na kwa muda gereji yetu ikawa na wagonjwa wawili. Nukta akaleta kipoza hewa, mume wangu akageuza uso. Tulipotaja kompyuta ya injini, akafumba macho.

Uvumilivu ukaniishia. "Basi unataka nini?" nilipiga kelele. "Niambie! Nimejifunza majina ya vyuma kwa ajili yako, unataka nini?"

Akapiga kiti cha dereva kwa kiganja. Pa, pa, pa.

Nikajiona mjinga kwa kutoelewa mapema: anataka kukaa ndani ya gari lake. Nikasukuma kiti nyuma kabisa. Mkono wake wa kushoto ukaing'ang'ania nyenzo iliyo chini ya kiti, ile ya kukisogezea, nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja. Shemeji akamshika kwapani, Nukta akashika miguu, tukaanza kumwingiza. Alipinga. Alijikaza mwili mzima, akatoa "eee" moja ndefu ambayo sijawahi kuisikia, na tulipomrudisha kwenye kiti cha plastiki alikuwa analia machozi.

Shemeji alinichukua pembeni. "Shemeji, tunamtonesha. Anaona hataliendesha tena, na sisi tunamwekea mbele ya macho. Lifunike. Ikiwezekana liondoke kabisa."

Niliona anasema kweli, na niliumia. Kumbe kile nilichodhani kitamwinua ndicho kilichokuwa kinamlaza. Kesho yake nilimkalisha tena pale, nikajiambia ni mara ya mwisho aage, nikaenda kutafuta turubai stoo. Nilirudi kwa mlango wa jikoni, nimelikumbatia turubai, miguu mitupu, bila kishindo.

Mume wangu alikuwa ameinama kwenye kiti chake cha plastiki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya kiti cha dereva, umeinyanyua ile nyenzo, na bega lake limeegemea mgongo wa kiti. Akasukuma. Kiti hakikwenda. Akapumzika, jasho linamtoka, akasukuma tena, kikateleza mbele kidogo, kikagoma, kikateleza tena. Kilipofika mwisho alinyoosha kiganja kupima nafasi kutoka kiti hadi pedali, kama ninavyopima dirisha kabla ya kukata kitambaa. Akakirudisha nyuma hatua moja.

Turubai likaniponyoka. Akainua kichwa, akaniona. Akapiga kiti kwa kiganja. Pa, pa, pa. Kisha akanyoosha kidole kwangu.

Nilikaa. Sikuwahi kukaa pale tangu nimeolewa. Miguu yangu ilizifikia pedali zote, goti limekunjwa sawasawa, usukani umenikaa mikononi. Hakuna nguo niliyowahi kujishonea mwenyewe iliyonikaa vile.

Nilikuwa bado nimeshika usukani kama mwizi pale nilipomwona ameshika fremu ya mlango na kusimama. Nikataka kuruka nje nimdake. Akanikatalia kwa kichwa. Akaweka mkono wa kushoto juu ya boneti, akaanza kulizunguka gari lake, mguu wa kulia ukiburuta, ukisimama, ukiburuta, mguu uleule ambao haukutaka kwenda hata chooni bila mimi. Alifika upande wa pili akiwa hoi. Akafungua mlango wa abiria, akajitupa ndani. Nilimfunga mkanda huku nikilia bila aibu.

Nukta alikuwa anaingia na boksi la breki mpya. Alitutazama, akatazama kiti kilivyosogea mbele.

"Mama, mimi sisemi kitu," akasema, akatufungulia geti.

Barabara ya mbele ya nyumba ilikuwa tupu. Nilivua ufunguo shingoni, nikaliwasha, nikaingiza giya, tukajongea, nikakanyaga mafuta. Hakuna kitu. Nikakanyaga zaidi, injini inanguruma na gari linajivuta tu, nikadhani nimeliharibu. Nikamgeukia nimuulize nifanye nini. Alikuwa ameinua kidole chake cha kushoto, ananiambia nisubiri, macho yapo barabarani, mdomo unahangaika.

"Sasa," akasema mume wangu, na mke mwenzangu akatuchukua wote wawili.