Kiti cha Plastiki Juu ya Wingu

Jioni ile kona za meza za baa zilikunjika juu kwa unyevu na milango ya friji ikatoa jasho, kwa hiyo marubani wa ndege zisizo na injini waliacha bia nusu na kwenda kulala. Katika mji wetu wa Ghuba ya Carpentaria dalili hizo zinatosha kujua kwamba wingu litakuja alfajiri. Alfajiri wingu lilikuja kutoka baharini, refu kutoka upeo hadi upeo, likijiviringisha kama mkeka unaokunjwa. Juu yake, kwenye kiti cheupe cha plastiki, alikuwa ameketi Shangazi Verlie.

Alikuwa akija hivyo tangu Septemba. Figo zake zilikufa miaka sita iliyopita, na mashine ya kusafisha damu iko katika mji wa pwani ya mashariki, mbali mno kwa mtu anayefungwa kwenye mashine siku tatu kila wiki. Wingu huanzia huko huko. Humpitisha juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, hapa kwetu, wala halisimami. Likishayeyuka kabla ya adhuhuri, Verlie hujikuta kitandani kwenye chumba cha kupanga kule mashariki, soksi zimelowa. Anachotaka ni kimoja tu, kulala nyumbani kwake.

Zahanati yetu ina chumba cha mashine hiyo. Kimejengwa, kimepakwa rangi, na maji yamevutwa. Kina kila kitu ila mashine, na kila mwaka ofisi ya afya hujibu kwamba suala linashughulikiwa. Inachosha hata kusimulia.

Coralie, binti yake Verlie ambaye ni mpishi wa baa, alifunga chupa ya chai na mkate. Russ Tindale, daktari wa meno mstaafu kutoka kusini na mmoja wa marubani hao, akavipeleka. Aliteleza na ndege yake mbele ya wingu, akafungua kidirisha na kunyoosha mkono.

"Mashine imekuja?" Verlie aliuliza, kama kila asubuhi.

"Bado, Shangazi."

"Na wewe bado unarusha bawa limelala upande kama mlevi. Coralie kasahau sukari?"

"Kasema daktari kakukataza."

"Daktari mwenyewe analala nyumbani kwake, na wanawe. Mwambie atie sukari."

Marubani ni watu wanaoamini kwamba ukiliona wingu lile mara moja huwezi tena kuwa na roho mbaya. Basi wakamwalika afisa wa afya, Bwana Hallam Peake, apande na Russ katika ndege ya viti viwili, ajionee mwenyewe. Coralie aliwaonya. Hawakusikia la mwadhini wala la mnadi swala.

Kule juu, kando ya wingu, Bwana Peake alifungua kidirisha.

"Habari za hapo, mama?"

Kwetu humwambii mgeni shida zako, hata kama nyoka anakuning'inia mguuni.

"Sina la kulalamika," alisema Verlie, akamkatia mkate.

Bwana Peake alikula, akaandika. Aliuliza tu kama kiti kina mkanda.

Barua ililetwa na ndege ya posta baada ya wiki mbili. Coralie aliisoma jikoni, samaki wakiungua. Ilisema kwamba mgonjwa hufika nyumbani asubuhi bila gharama na hana malalamiko. Kwa hiyo jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri huduma mjini kwao, na chumba kitatumika kuhifadhi viti.

"Wingu linakwisha Novemba!" Coralie alimfokea Russ. "Hakuuliza? Na wewe hukumwambia?"

"Nilidhani anajua."

"Ulidhani! Miaka sita watu wanadhani! Haya, mpelekee mwenyewe."

Russ alimsomea Verlie barua kule juu, mara mbili. Verlie akaichukua, akaikunja vizuri, akaisukuma chini ya mguu wa kiti uliokuwa ukicheza.

"Na mkate nimempa," alisema.

Novemba marubani walifungasha ndege zao, wakaagana na kila mtu. Jioni Coralie alifuta meza zote za baa tupu, kisha akapapasa kona ya ile iliyo karibu na dirisha. Ilikuwa imenyooka. Akachemsha maji, akaimwagia ili ikunjike, akasubiri, akapapasa tena. Halafu akaenda jikoni kuandaa chupa ya chai, na humo akatia sukari vijiko vitatu.